Lagrange: Mwanahisabati aliyewafunza wahandisi kuunganisha visivyolingana

RELI kongwe inayopita katika jiji la Nakuru ina upana wa mita moja kamili, chuma hadi chuma. Ilifika hapa mwaka wa 1900, wakati mafundi na vibarua waliokuwa wakijenga njia ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria walipokuwa wakikata sakafu ya Bonde la Ufa. Kaskazini mwa jiji hilo, karibu na mji wa Mogotio, barabara ya kuelekea Baringo inavuka mstari wa Ikweta, na wasafiri husimama hapo kupiga picha.

Ni wachache wanaofahamu kwamba mambo hayo mawili yana asili moja. Mita ilipobuniwa nchini Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18, iliamuliwa iwe sehemu moja kati ya milioni kumi ya umbali wa kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta. Miongoni mwa wataalamu waliosimamia kazi hiyo alikuwamo mzee mmoja mpole, mwenye afya dhaifu, ambaye jina lake limeandikwa kwenye Mnara wa Eiffel jijini Paris. Mzee huyo ni Joseph-Louis Lagrange.

Hata hivyo, mita si urithi mkubwa zaidi aliotuachia. Urithi wake mwingine umejificha ndani ya kompyuta za wahandisi wanaosanifu maghorofa, madaraja na mabwawa. Mara nyingi mhandisi anapounganisha sehemu mbili za muundo ambazo michoro yake hailingani, hutumia kanuni ambayo Lagrange aliichapisha zaidi ya miaka 200 iliyopita. Katika eneo kama la Nakuru, ambako ardhi yenyewe haijatulia, kanuni hiyo inahusu uhai wa watu.

Lagrange alizaliwa mjini Turin, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Italia, mnamo Januari 25, 1736. Jina alilopewa lilikuwa Giuseppe Lodovico Lagrangia. Ukoo wa baba yake ulikuwa na asili ya Ufaransa, na baba mwenyewe alikuwa mweka hazina katika idara ya ujenzi na ngome za kifalme. Familia ilikuwa na mali, lakini baba aliipoteza katika biashara za kubahatisha. Kati ya watoto 11 waliozaliwa katika nyumba hiyo, ni wawili tu waliofikia utu uzima.

Baba alitaka mwanawe awe wakili. Kijana naye hakuvutiwa na hisabati hapo mwanzo, hadi alipokutana na maandishi ya mwanaastronomia Mwingereza, Edmond Halley, yaliyoonyesha jinsi aljebra inavyoweza kutatua masuala ya mwanga na lenzi. Tangu siku hiyo alijifunza karibu kila kitu peke yake. Mnamo Agosti 1755, akiwa na umri wa miaka 19, alimwandikia barua Leonhard Euler, aliyekuwa bingwa mkuu wa hisabati barani Ulaya. Katika barua hiyo alieleza njia mpya ya kutafuta umbo au mkondo ulio bora kuliko yote mengine yanayowezekana. Euler alitambua mara moja kwamba mvulana huyo alikuwa amepata njia iliyo nyepesi na pana kuliko yake mwenyewe.

Mwezi uliofuata Lagrange aliteuliwa kufundisha hisabati katika Chuo cha Kifalme cha Mizinga mjini Turin. Baadhi ya wanafunzi wake walimzidi umri. Mwaka wa 1757 alishirikiana na wenzake kuunda chama cha wanasayansi ambacho baadaye kilikuwa Akademia ya Sayansi ya Turin. Mnamo 1764 alishinda tuzo ya Akademia ya Paris kwa kueleza ni kwa nini Mwezi hutuonyesha upande mmoja tu huku ukiyumba kidogo.

Mwaka wa 1766, Euler alipoondoka Berlin kurudi Urusi, Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia alimwita Lagrange kuchukua nafasi hiyo. Alikaa Berlin kwa miaka 20. Mwaka mmoja baada ya kufika alimwoa binamu yake, Vittoria Conti. Hawakujaliwa watoto. Mkewe aliugua kwa miaka mingi, na Lagrange ndiye aliyemuuguza hadi alipofariki mwaka wa 1783. Kifo hicho kilimvunja moyo, na mfalme naye alipoaga dunia mwaka wa 1786, hakuona tena sababu ya kubaki. Mwaka wa 1787 alihamia Paris.

Alikuja na hati ya kitabu alichokuwa amekiandaa kwa miaka mingi. Kitabu hicho, Mécanique analytique, kilichapishwa mwaka wa 1788. Kilikusanya elimu yote ya nguvu na mwendo, kuanzia mizani na kapi hadi sayari, na kuiweka chini ya kanuni chache. Jambo lililowashangaza wasomaji ni kwamba hakikuwa na mchoro hata mmoja. Mwandishi aliamini kwamba milinganyo peke yake ingetosha. Inasimuliwa kwamba wakati huo alikuwa amezama katika huzuni kiasi kwamba nakala ya kitabu chake mwenyewe ilikaa mezani pake miaka miwili bila kufunguliwa.

Ni katika kitabu hicho ambamo wahandisi wa leo wanapata ile kanuni ya kuunganisha. Inafaa kuieleza kwa mfano mwepesi.

Tuseme kuna mbao mbili zilizolazwa sambamba juu ya mtaro. Ubao wa kwanza ni mgumu: huhitaji mzigo wa kilo 20 ili kuzama kwa milimita moja. Wa pili ni laini zaidi: kilo 10 zinatosha kuuzamisha kwa kiasi hicho hicho. Ukiweka mzigo wa kilo 30 juu ya ubao wa kwanza pekee, utazama kwa milimita moja na nusu, nao ubao wa pili hautashtuka. Lakini ukizifunga mbao hizo pamoja kwa namna ambayo lazima zizame sawasawa, zote mbili zitazama kwa milimita moja. Ubao mgumu utabeba kilo 20, na ule laini utabeba kilo 10 ambazo hapo awali haukuwa nazo.

Kilo hizo 10 zilipitia wapi? Zilipitia kwenye kifungo. Kabla ya Lagrange, mtu angeweza kuandika sharti kwamba mbao hizi mbili lazima ziende pamoja, kisha akahangaika kulipenyeza sharti hilo katika kila mstari wa hesabu. Lagrange alipendekeza kila sharti lizidishwe kwa namba isiyojulikana, liongezwe kwenye hesabu nzima, kisha namba hiyo itafutwe pamoja na nyinginezo. Namba inayopatikana ina maana halisi: ni ile nguvu ambayo kifungo kinabeba ili sharti litimie. Katika mfano wetu ni kilo 10. Namba hizo huitwa vizidishi vya Lagrange hadi leo.

Kwa hiyo hakuna muungano wa bure. Popote vitu viwili visivyofanana vinapolazimishwa kwenda pamoja, pale panapoungwa huzaliwa nguvu. Nguvu hiyo isipohesabiwa haiondoki. Hubaki pale pale ikingoja kupasua.

Karne mbili baadaye, jambo hilo lilijitokeza upya ndani ya kompyuta. Programu za kuchanganua miundo haziwezi kulikokotoa jengo zima kwa mkupuo mmoja. Huligawa katika vipande vidogo vilivyoshikana mfano wa wavu wa mvuvi, na katika kila fundo la wavu kompyuta hutafuta mahali hapo pamesogea kiasi gani. Macho ya wavu yakiwa madogo, jibu huwa karibu zaidi na ukweli, lakini kazi ya kompyuta huongezeka maradufu. Ndiyo maana mhandisi huweka macho madogo pale anaposhuku hatari, kama vile kwenye nguzo na viungio vya boriti, na macho makubwa kwingineko.

Shida huanza nyavu hizo zinapokutana. Wavuvi wa Ziwa Naivasha wanajua kwamba nyavu mbili zenye macho ya ukubwa tofauti haziwezi kushonwa fundo kwa fundo, kwa kuwa mafundo ya upande mmoja ni mengi kuliko ya upande wa pili. Katika jengo hali ni hiyo hiyo. Nguzo inaweza kugawanywa katika vipande vya sentimita 10, huku udongo ulio chini ya msingi ukigawanywa katika vipande vya mita mbili. Mara nyingi tena sehemu hizo huwa zimechorwa na watu tofauti, katika ofisi tofauti. Zikiwekwa pamoja bila kuunganishwa, kompyuta huziona kama vitu viwili vilivyogusana kwa macho tu, na jengo huelea juu ya ardhi lisiyoishika.

Zipo njia kadhaa za kutoka katika tatizo hilo. Ya kwanza ni kuchora upya, macho yapungue hatua kwa hatua hadi yalingane. Njia hii ni safi, lakini hula muda na mara nyingine haiwezekani. Ya pili ni kuufanya upande mmoja mtawala na mwingine mfuasi: kila fundo la mfuasi huamriwa kuandamana na uso wa mtawala kwa kadiri ya mahali lilipo. Hapa desturi ni kwamba upande wenye macho madogo ndio unaopaswa kufuata. Mambo yakigeuzwa, mafundo mengi ya upande huo hubaki bila kufungwa popote, na sehemu moja hupenya ndani ya nyingine kama mzimu upitao ukutani.

Ya tatu ndiyo ya Lagrange. Badala ya kulazimisha fundo kukutana na fundo, njia hii hudai kwamba nyuso mbili ziende pamoja kwa jumla, kwenye eneo zima la muungano, na huacha kizidishi kitafute msukumo unaopita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wanahisabati Christine Bernardi, Yvon Maday na Anthony Patera waliiendeleza hoja hiyo na kuipa jina linalotokana na mota, ule mchanganyiko wa saruji na mchanga ambao mwashi huutia kati ya mawe. Fundi yeyote wa Nakuru ataielewa sababu. Mawe ya ukuta hayalingani, na hakuna anayepoteza siku akiyachonga hadi yafanane. Mota ndiyo inayojaza tofauti na kupitisha uzito.

Njia hiyo nayo ina gharama zake. Vizidishi huongeza idadi ya yasiyojulikana na kuifanya milinganyo iwe migumu zaidi kutatua. Masharti yakizidi kiasi, muungano huwa mgumu kupita uhalisi na kutoa mikazo ya uongo. Kwa sababu hiyo mhandisi makini huuweka muungano mbali na mahali anapotaka jibu sahihi. Aidha, hufanya jaribio lililoenezwa na mhandisi Mwingereza Bruce Irons katika miaka ya 1960: husukuma muundo kwa nguvu iliyo sawa kila mahali, kisha hutazama kama nguvu hiyo inavuka muungano ikiwa bado sawa. Ikitoka upande wa pili na mawimbi, muungano huo ni mbovu, hata kama picha kwenye kioo inapendeza.

Wakazi wa Bonde la Ufa wanao mfano wa jambo hili mbele ya macho yao. Reli mpya ilipofika karibu na Mai Mahiu mwaka wa 2019, ilikuwa na upana wa milimita 1,435, ilhali ile ya zamani ina 1,000. Behewa la njia moja haliwezi kupita juu ya njia nyingine. Ilibidi pawe na mahali pa kuhamisha makontena kutoka reli moja hadi nyingine, na pa kuyahesabu, ili kila lililoshuka huku liwe ndilo lililopanda kule. Vizidishi vya Lagrange hufanya kazi ya karani wa kituo kama hicho: huhakikisha kwamba mzigo uliotoka upande mmoja umefika wote upande wa pili.

Lagrange mwenyewe aliishi katika muungano wa namna hiyo. Alizaliwa Italia mwenye jina la Kiitaliano, akatumikia mfalme wa Prussia, kisha akawa Mfaransa. Mapinduzi yalipozuka mwaka wa 1789 alikuwa Paris. Mwaka uliofuata aliingizwa katika kamati ya kuleta mfumo mmoja wa vipimo, kwa kuwa wakati huo karibu kila jimbo la Ufaransa lilikuwa na pishi yake na ratili yake. Alikuwa mtetezi wa mfumo wa makumi, huu ambao watoto wetu hufundishwa shuleni.

Mnamo 1792, akiwa na umri wa miaka 56, alimwoa Renée-Françoise-Adélaïde Le Monnier, binti kijana wa mwanaastronomia mwenzake, aliyeguswa na huzuni ya mzee huyo. Ndoa hiyo ilimrejeshea furaha na hamu ya kazi.

Lakini siku zilikuwa mbaya. Mwaka wa 1793 Akademia ya Sayansi ilivunjwa. Sheria ikapitishwa kwamba wageni wote waliozaliwa katika nchi zilizokuwa vitani na Ufaransa wakamatwe, na Turin ilikuwa miongoni mwa miji ya adui. Mwanakemia Antoine Lavoisier alimtetea, naye akaachwa. Muda si muda Lavoisier mwenyewe alitiwa mbaroni. Yeye pamoja na Laplace, Coulomb na wengine waliondolewa kwenye kamati ya vipimo, na Lagrange akabaki kuwa mwenyekiti wake. Mei 8, 1794, Lavoisier alikatwa kichwa. Mtu aliyemwokoa Lagrange hakupata wa kumwokoa.

Kazi ya vipimo iliendelea juu ya msiba huo. Sheria ya mita ilipitishwa mwaka wa 1795, na kipimo cha mwisho kikakabidhiwa mwaka wa 1799. Wakati huo huo Lagrange alikuwa akifundisha katika École Polytechnique, chuo kilichoanzishwa mwaka wa 1794 na kilichotoa kizazi kipya cha wahandisi. Napoleon alimheshimu sana: alimfanya seneta, kisha mwaka wa 1808 akampa cheo cha ukabaila. Lagrange alifariki Aprili 10, 1813, akiwa na umri wa miaka 77, alipokuwa bado akikipanua kile kitabu cha mekanika. Alizikwa katika Panthéon, pamoja na mashujaa wa Ufaransa.

Hakuwahi kukanyaga Afrika. Lakini mnamo Januari 6, 1928, tetemeko lenye ukubwa wa 6.9 lilipiga Subukia, kaskazini mashariki mwa Nakuru, na ardhi ikapasuka kwa zaidi ya kilomita 30. Ni tetemeko kubwa zaidi kuwahi kurekodiwa nchini Kenya. Wakati huo eneo hilo lilikuwa na mashamba na nyumba chache za chini. Leo Nakuru ni jiji, hadhi iliyopewa mnamo Desemba 2021, na maghorofa yanazidi kuota juu ya majivu ya volkano ya Menengai. Kule Olkaria, ambako umeme wa mvuke ulianza kuzalishwa mwaka wa 1981, mitambo mizito na mabomba marefu yameegemea ardhi iliyo na joto na nyufa.

Ardhi ikitikisika, mtikisiko huingia katika jengo kwa kupitia msingi. Hapo ndipo zege, lenye wavu wa macho madogo, hukutana na udongo, wenye wavu wa macho makubwa. Msingi basi ndio mahali ambapo nguvu nyingi zaidi hupita, na ndio mahali ambapo kompyuta ni rahisi zaidi kukosea. Programu za siku hizi zitaunganisha nyavu hizo kwa kubofya mara moja na kutoa picha yenye rangi nzuri, bila kumuuliza mhandisi kama ameihesabu nguvu inayovuka.

Wahandisi wanaokagua michoro kabla ya jengo kuidhinishwa wanaweza kuuliza maswali matatu kuhusu kila muungano: ni upande upi unaomfuata mwenzake, jumla ya nguvu iliyotoka inalingana na iliyoingia, na jaribio la msukumo sawa limefanywa? Hayahitaji mashine mpya wala fedha za ziada. Majibu yake hupatikana kwa dakika chache, na mwenye nyumba ana haki ya kuyadai kabla ya zege la kwanza kumwagwa.